Mshale Upi kwa Mnyama Yupi?

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Tanzania, huchagua mshale kwa kumwangalia mnyama. Usio na chuma, wenye ncha ya mti iliyochongwa tu, ni wa ndege na wanyama wadogo. Wenye chembe bapa ya chuma, mara nyingi msumari uliofuliwa, ni wa swala. Kwa pundamilia au twiga hutolewa wenye sumu ya utomvu wa mmea uitwao panjube, inayoshambulia moyo. Chembe ya mshale huo huviringishiwa ukanda wa ngozi.

Tazama uti wa mshale kwa makini: mara nyingi ni wa mti wa mkole, uliopashwa moto na kunyooshwa kwa meno. Hapo ndipo ufundi wote ulipo, kwani uti uliopinda hauendi unakoelekezwa, hata chembe iwe kali vipi. Mishale hii bado inatengenezwa.