Andiko la Sera, Wala Si Waraka wa Kikao

Istilahi "waraka wa kikao" ina maneno mawili ya maana, na yote mawili yamekosewa. Hata hivyo inazidi kuenea. Nimeikuta katika karatasi zinazogawiwa mabarazani huku Kimana wananchi wanapoitwa kutoa maoni, na sasa wanafunzi wanaiandika katika insha wakiamini ndilo jina rasmi. Kinachotafsiriwa ni "Sessional Paper", ile hati ambayo Serikali ya Kenya huipeleka Bungeni kutangaza msimamo wake kabla ya kuleta mswada. Aliyeitafsiri alishika kamusi, akachukua neno la kwanza alilolikuta, akaenda zake.

Kikao kimezaliwa na kitenzi kaa, nacho hutaja watu kuketi pamoja mara moja na kuondoka: kikao cha harusi, kikao cha wazee, kikao cha asubuhi. Bunge la Tanzania limeitunza tofauti hii kwa uangalifu ninaouonea wivu. Taarifa zake rasmi huandikwa Mkutano wa kadha, Kikao cha kadha. Mkutano ni kipindi kizima cha wabunge kukutana, kikao ni siku moja ndani yake. Sisi wa Kajiado Kusini, ambao tunavuka mpaka kwenda Tarakea sokoni na kusikiliza redio za upande ule, tunaijua tofauti hiyo bila kufundishwa. Kiingereza kilikusudia msimu wa Bunge unaokaribia mwaka mzima, kwa kuwa karatasi hizi zilihesabiwa kwa msimu. Mzee wa Kimana akisomewa "Waraka wa Kikao Nambari 3" huuliza kikao hicho kilifanyikia wapi, mwenyekiti alikuwa nani, na kumbukumbu zake anazo nani. Maswali yake ni sahihi kabisa kwa jina alilopewa.

Waraka nao una tabia yake. Kwa Waarabu ni jani, kisha likawa ukurasa, na kwetu likatua kwenye barua, hasa barua ya mkubwa kwa walio chini yake. Wizara huwapelekea walimu wakuu waraka. Mitume waliyaandikia makanisa nyaraka. Anayepokea waraka hutii au huasi, hapigi kura. Hati ninayoizungumzia inakwenda kinyume cha hapo: inatoka kwa wenye mamlaka ikienda mbele ya wawakilishi wa wananchi, na wawakilishi hao wanaweza kuikubali, kuirekebisha au kuitupa.

Wengine, wakiona aibu ya kikao, wamekimbilia rangi na kutuletea "waraka mweupe". Weupe huo ni wa jalada. Hati nene za Bunge la Uingereza zilifungwa kwa jalada la buluu, zile fupi zikaachwa na karatasi yao nyeupe, na rangi ikageuka jina. Kenya inaikumbuka hati moja ya namna hiyo, ya Devonshire ya 1923, iliyotamka kwamba maslahi ya Waafrika yatatangulia pale yatakapogongana na ya wageni. Hakuna msomaji wa Kiswahili anayeweza kuuona msimamo huo ndani ya neno "mweupe". Na kama tunataka rangi, tunayo tayari, tena yenye maana. Mswada umetoka katika Kiarabu, katika mzizi uleule wa weusi: ni karatasi iliyotiwa weusi kwa wino, iliyofutwafutwa na kuandikwa juu yake, bado haijanakiliwa safi. Waarabu huiita nakala safi kwa jina lenye mzizi wa weupe. Kwa hiyo anayeiita hati inayotangulia mswada "nyeupe" amepindua mpangilio wote: nakala safi imetangulia rasimu yake.

Neno langu ni andiko. Andiko la sera.

Wengi hudhani kuandika ni kazi ya kalamu tu. Maana pana ya kitenzi hiki ni kupanga kitu mahali pake kiwe tayari. Kamusi zetu zimeihifadhi maana hiyo katika kuandika meza, yaani kuweka vyombo na chakula mbele ya walaji, na kinyume chake ni kuandua, kuviondoa. Tazama sasa jinsi lugha ilivyotufanyia kazi. Waziri anapoleta hati Bungeni, tunasema anaiwasilisha mezani. Neno moja la Kibantu, la kwetu, limebeba pamoja kalamu na meza: jambo limewekwa katika maandishi, na limeandaliwa mbele ya watu walikubali au walikatae. Serikali ikilirudisha, kitenzi kipo, itakuwa imeliandua. Sijui lugha nyingine iliyojiandaa hivi kwa ajili ya hati hii.

Niliwahi kuipeleka hoja hii mbele ya kamati moja ambayo sitaitaja. Jibu lilikuja kwa sentensi moja, kwamba andiko "litachanganywa na Maandiko Matakatifu". Hawakuugusa mzizi, wala meza, wala kuandua. Yaleyale wanayoyaogopa kwa andiko hawakuyaogopa kwa waraka, neno ambalo limejaa katika Agano Jipya kuanzia Warumi hadi Yuda. Tena ndugu zetu wa Tanzania wana andiko la mradi ofisini kila siku, na hakuna aliyepiga magoti mbele yake. Mwanakamati mmoja alipendekeza "hati ya sera", na ningeikubali popote isipokuwa hapa. Kajiado hati ni kipande cha ardhi. Ukisema Kimana kwamba Serikali imeleta hati mpya, watu wataacha mifugo na kukimbilia ofisi ya ardhi.

Na wana sababu ya kukimbia. Kwa ardhi ya Umaasai mengi yalianzia katika ripoti. Tume ya ardhi ya Carter ilitoa yake 1934 ikaweka mipaka ya makabila. Ujumbe wa Lawrance wa 1965 na 1966 ulipendekeza kwamba ardhi iweze kusajiliwa kwa jina la kikundi, na 1968 ikaja Sheria ya Wawakilishi wa Vikundi, iliyozaa ranchi za kikundi, Kimana ikiwa mojawapo. Mwaka 1996 wanachama wa Kimana walifungua hifadhi yao wenyewe ya wanyamapori katika njia ya ndovu watokao Amboseli kwenda Chyulu na Tsavo. Kisha ranchi ikagawanywa, kila mwanachama akapata kipande chake, na leo ndovu huyohuyo anapita katikati ya nyanya, vitunguu na nyaya za umeme. Tume ya Njonjo kuhusu sheria za ardhi ilitoa ripoti yake 2002, Andiko la Sera Nambari 3 la 2009 likatamka kuwa ardhi ya jamii ni aina kamili ya ardhi, Katiba ya 2010 ikalitia jambo hilo katika Kifungu cha 63, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ikafuata 2016 na kuifuta ile ya 1968. Kimana ilikuwa imekwisha kugawanyika.

Lawrance hakutunga sheria, wala Njonjo hakutunga. Tume hupendekeza tu, na Serikali yaweza kuiacha ripoti kabatini. Ni katika andiko la sera ndipo Serikali inajifunga kwa maneno yake yenyewe. Andiko la Sera Nambari 10 la 1965 lilijifunga kupeleka fedha za maendeleo kwenye ardhi nzuri, yenye mvua na njia za usafiri, na nchi kavu kama yetu ikabaki nyuma kwa karibu nusu karne, hadi Andiko la Sera Nambari 8 la 2012 lilipogeuza msimamo huo kwa ajili ya Kaskazini na maeneo mengine makavu. Mfugaji anayetaka kujua kwa nini kisima hakikuchimbwa enzi za baba yake ana hati ya kuisoma, na hataipata akiitafuta kati ya kumbukumbu za vikao.

Kuhusu matumizi: wingi ni maandiko ya sera; nambari hutangulia mwaka, na mwaka hupatana na andiko, hivyo Nambari 3 la 2009, si "ya 2009". Kabla Bunge halijalipitisha ni rasimu ya andiko, likipitishwa neno rasimu huondoka. Kilichoandikwa na tume kibaki ripoti, hata kikiwa na kurasa elfu.