Mitutu Miwili Kutoka Liège

Nakshi za bunduki ya zamani ya mitutu miwili hazimwambii mnunuzi kitu. Ivunje katikati, toa mitutu kwenye kitako, igeuze juu chini. Pale kwenye bapa la chuma karibu na bawaba, mahali ambapo mwindaji hapaoni akiwa porini, pamegongwa alama ndogo ndogo. Kwenye bunduki zilizofika Ituri, kaskazini-mashariki mwa Kongo, enzi za Wabelgiji, alama inayorudi mara kwa mara ni umbo la yai lenye herufi ELG, na juu yake taji. Huo ni muhuri wa nyumba ya majaribio ya Liège, mji wa mashariki mwa Ubelgiji ulioishi kwa kufua silaha. Mwenye kujua kusoma muhuri ule alijua alichokuwa akinunua, hata kama mfuko wake haukuwa wa tajiri.

Majaribio ya Liège yana umri mkubwa kuliko Ubelgiji yenyewe. Mwaka 1672 askofu aliyekuwa pia mtawala wa mji, Maximilian Henry wa Bavaria, aliamuru kila mtutu ujazwe baruti nyingi kuliko kiasi cha kawaida na kulipuliwa kabla haujauzwa. Mtutu dhaifu upasukie pale, usije ukapasukia usoni mwa mnunuzi. Mwaka 1888 sheria mpya iliupa utaratibu huo nguvu za kisasa. Kuanzia 1893 herufi ELG zikavikwa taji. Baruti isiyotoa moshi ilipoenea, mwaka 1898 ikaongezwa picha ya simba juu ya herufi PV, kuthibitisha kwamba mtutu umestahimili baruti hiyo kali zaidi. Mtutu usio na simba ulikuwa wa baruti nyeusi tu, na aliyeutia kartushi ya kisasa alikuwa akijitafutia ajali. Tangu 1922 iliwekwa pia herufi moja ya mwaka wa jaribio, hivyo umri wa bunduki ukawa unasomeka kwenye chuma.

Hata hivyo Liège ilifika Ituri kabla ya Wabelgiji, tena kwa mlango wa mashariki. Katika miaka ya 1880 misafara ya pembe za ndovu iliyotoka pwani na Manyema ilikuwa imepenya msituni. Wakuu wake, watu kama Ugarrowwa na Kilonga-Longa, walikuwa na makambi yao kando ya mto Ituri na kwenye njia za kuelekea Mambasa, na mpelelezi Stanley aliwakuta humo mwaka 1887 alipokuwa njiani kumtafuta Emin Pasha kwenye Ziwa Albert. Wangwana wao, watu wa misafara hiyo, waliacha nyuma lugha tunayoiandika hapa, na waliacha bunduki. Balozi wa Uingereza huko Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria mwaka 1888 kwamba silaha za moto kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka kupitia pwani hiyo. Nyingi zilikuwa takataka za Ulaya: bunduki za gumegume, magobore ya fataki, silaha za majeshi yaliyokwisha kubadili aina, pamoja na bunduki nyepesi za biashara zilizofuliwa kwa bei ya chini Liège na Birmingham. Ulaya ilikuwa ikitupa na Afrika ikinunua kwa meno ya tembo. Sioni namna ya kuipamba biashara hiyo.

Kisha zikaja karatasi. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba uliopiga marufuku kuingiza bunduki bora katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini mwa Ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Hoja iliyotolewa ilikuwa kukomesha utumwa. Bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida, ziliachwa zipite. Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold ikatunga amri zake juu ya msingi huo. Matokeo yake yaliishi muda mrefu kuliko dola yenyewe: Mzungu aliweza kupata kibali cha bunduki inayopakiwa kwa nyuma, na Mkongomani akabaki na gobore la kupakiwa mdomoni, hilo nalo kwa kibali. Askari wa Force Publique, jeshi la dola hiyo, alikuwa na Albini yake, bunduki ya Kibelgiji ya risasi moja moja, lakini ilikuwa mali ya serikali, naye aliirudisha.

Kwa hiyo tunapozungumzia mnunuzi wa bunduki nzuri ya kuwindia, kwa miongo mingi tunamzungumzia mtu wa aina fulani. Dhahabu iligunduliwa Kilo mwaka 1903. Mwaka 1926 migodi ikakusanywa chini ya kampuni ya Kilo-Moto, na Bunia ikakua kando ya shughuli hizo. Wakaja makarani wa migodi, walima kahawa wa upande wa Djugu, mapadre, na wafanyabiashara wa Kigiriki wenye maduka. Wengi wao hawakuwa matajiri. Mizigo yao ilishuka Mombasa, ikapanda reli hadi Uganda, ikafika bandari ya Butiaba, kisha meli ikaivusha Ziwa Albert hadi Kasenyi, na kutoka hapo ikapanda mlima kuja Bunia. Bunduki iliyosafiri hivyo ilipaswa kuchaguliwa vizuri, maana kuirudisha kwa fundi kulichukua miezi.

Kilele cha ufundi kilikuwa London. Kule Purdey na Holland & Holland walitengeneza bunduki moja baada ya nyingine kwa kipimo cha mwili wa mteja, na bei yao ilimtosha bwana mwenye mashamba makubwa. Karani wa Kilo hakuwa na habari nazo. Lakini Waingereza walikuwa wamewafungulia njia watu wa mfuko wa wastani bila kukusudia. Mwaka 1875 watu wawili wa kampuni ya Westley Richards huko Birmingham, Anson na Deeley, walipata hataza ya mtambo mpya. Nyundo za nje ziliondoka; vyuma vya kufyatulia vikafichwa ndani ya sanduku la chuma, na mitutu yenyewe inapovunjwa ndiyo inayozitega nyundo za ndani. Vipande vyake vilikuwa vichache na vinene, rahisi kuvifua na vigumu kuharibika. Muda wa hataza ulipokwisha, Ulaya nzima iliiga.

Liège iliiga vizuri kuliko wengi, kwa sababu ya namna ilivyofanya kazi. Wenye majina, kama Francotte aliyeanza mwaka 1805 au Lebeau-Courally wa 1865, hawakufua kila kitu chini ya paa moja. Mitutu ilitengenezwa na familia za bonde la Vesdre, hasa Nessonvaux, ambako chuma na feleji vilisokotwa na kufuliwa pamoja hadi mtutu ukapata mawimbi ya rangi. Kitako kilichongwa kwa mwingine, nakshi zikachorwa kwa mwingine tena, na mengi ya hayo yalifanyikia nyumbani. Bunduki moja ilipita mikono mingi kabla ya kufika kwenye nyumba ya majaribio. Ndiyo maana jina lililochorwa juu ya mtutu halikuwa ushahidi wa kutosha: mara nyingi lilikuwa la mwenye duka aliyeagiza bunduki ikiwa tayari. Muhuri wa chini haukuweza kununuliwa hivyo.

Palikuwa pia na kiwanda kikubwa. FN ya Herstal, jirani na Liège, ilianzishwa mwaka 1889 ili kulitengenezea jeshi la Ubelgiji bunduki 150,000 za Mauser. Baadaye ilimpokea Mmarekani John Browning, ikatoa bunduki yake ya marisau inayojipakia yenyewe mwanzoni mwa karne ya 20, na Browning mwenyewe alifia humo kiwandani mwaka 1926. Bunduki ile ilikuwa na mtutu mmoja na kartushi tano, na wapo walioisifu sana. Mimi, kwa Ituri ya wakati ule, ningechukua mitutu miwili. Kartushi nyingi zilikuwa za karatasi ngumu, na karatasi katika unyevu wa msitu huvimba. Kartushi iliyovimba hukwama kwenye mtambo unaojipakia. Kwenye bunduki inayovunjwa, unaihisi kwa kidole gumba kwamba haiingii, unachukua nyingine. Kartushi za plastiki zilianza kuuzwa mwaka 1960, mwaka ule ule Wabelgiji walipokuwa wakifunga masanduku yao.

Mitutu miwili ilikuwa pia na jambo ambalo hakuna mtutu mmoja ungeweza kulitoa. Kulikuwa na vifyatulio viwili, na kila kimoja kilikuwa na mtutu wake. Wa kulia kwa kawaida ulikuwa wazi, ukitawanya marisau kwa kanga au kwale aliye karibu. Wa kushoto ulibanwa kidogo mdomoni ili marisau yaende mbali yakiwa pamoja. Mwenye bunduki moja tu aliweza kuweka marisau madogo upande mmoja kwa ajili ya ndege, na mazito upande wa pili kwa mboloko au nguruwe pori, akachagua kwa kusogeza kidole. Kifyatulio kimoja kikivunjika, bado kuna cha pili. Walioweka risasi moja nzito kwenye mtutu uliobanwa walijua wamecheza na moto. Baadhi ya mitutu ya Liège ya mwisho wa karne ya 19 iligongwa onyo kwa Kifaransa, “NON POUR BALLE”: si kwa risasi nzima.

Mnunuzi mwenye busara, basi, alilipia chuma akaacha urembo. Alishika mitutu iliyofungwa, akaitikisa, akasikiliza kama inacheza kwenye bawaba. Aliitazama ndani dhidi ya mwanga akitafuta vishimo vya kutu. Aliigonga kidogo huku imening’inia. Mitutu iliyoungwa vizuri hulia kama kengele, na iliyoachia katikati hutoa sauti ya kopo. Kama fedha ilibaki, aliongeza mtambo wa kurusha maganda nje, ingawa porini watu wengi waliona heri maganda yabaki mkononi, maana ya shaba yaliweza kupakiwa tena. Ufaransa nayo ilimhudumia mtu huyu huyu: kampuni ya Manufrance ya Saint-Étienne, iliyoanzishwa mwaka 1885, iliuza kwa katalogi na posta, na bunduki yake ya Robust ikasambaa katika makoloni ya Kifaransa kwa sababu haikudai matunzo mengi. Hispania ikaja nyuma, kutoka mji wa Eibar, ambako AYA ilianza mwaka 1915 na kuuza miigo ya Kiingereza kwa bei ambayo Waingereza wenyewe waliishia kuinunua. Ila Kongo ilikuwa koloni la Ubelgiji, na duka lilileta cha Ubelgiji.

Bunduki ya marisau ilifanya Ituri pia kazi ambayo wawindaji hawaikumbuki. Kati ya 1909 na 1915 Herbert Lang na James Chapin wa jumba la makumbusho la New York walizunguka misitu hii wakikusanya viumbe, na Chapin alikuwa mtu wa ndege. Wakati ule elimu ya ndege ilikusanywa kwa marisau membamba yasiyochana manyoya. Mwaka 1913, huko Avakubi, aliona kwenye kofia ya mwenyeji unyoya asioutambua. Aliutunza kwa zaidi ya miaka 20. Jibu alilipata kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, mwaka 1936, kwenye ndege wawili waliokaushwa waliokuwa wameandikwa kimakosa kuwa tausi wa kufugwa. Hivyo ndivyo tausi wa Kongo alivyoingia vitabuni. Mwenye kofia ile, ambaye jamii yake ilikuwa ikimla ndege huyo bila kuhitaji cheti cha mtu, hakutajwa.

Uhuru uliifungua milango ya vibali, kwa vurugu. Wazungu wengi waliondoka mwaka 1960; mwaka 1964 waasi wa Simba waliishika sehemu kubwa ya kaskazini-mashariki, na bunduki za kuwindia zikabadili mikono bila risiti. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu akatangaza kutaifishwa kwa biashara za wageni, na maduka ya Wagiriki, yaliyokuwa yakiagiza vipuri, yakaenda kwa watu wasiojua katalogi. Zaïre, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, ikaandika sheria ya uwindaji mwaka 1982 na ile ya silaha mwaka 1985, ambazo zinadai kibali kwa bunduki na kibali kwa mnyama.

Yaliyofuata Ituri inayajua: vita vya 1999 hadi 2003, wanamgambo wa CODECO tangu 2017, utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Kalashnikovu iliifanya bunduki ya marisau ya kalibre 12 ionekane kama kitu cha zamani hata msituni. Juni 2012 wanamgambo waliovamia kituo cha Epulu waliua watu kadhaa na okapi 14 waliokuwa wakifugwa pale, na silaha zao zilikuwa za vita.

Kalibre 12 iliyobaki vijijini, katika bonde zima la Kongo, aghalabu ni ya mhunzi wa kienyeji: bomba la chuma, mti wa mkono, msumari wa kugonga fataki ya kartushi. Inaua mnyama, na wakati mwingine hupasuka, kwani hakuna aliyeijaribu kabla. Na karibu zote zina mtutu mmoja. Mhunzi anaweza kupata bomba la pili bila shida. Kinachomshinda ni kuyaunga: mitutu miwili haiwekwi sambamba kabisa, huinamishwa kidogo ielekeane, kwa sababu kila mmoja ukifyatuliwa huisukuma bunduki upande wake, na marisau ya mitutu yote miwili yanatakiwa yatue mahali pamoja umbali wa mita 35 au 40. Huko Liège fundi aliilehemu mitutu, akaipiga shabaha, akayeyusha lehemu tena na kuirekebisha hadi ikakubali. Hiyo ni kazi ya siku nyingi na kartushi nyingi, na Mambasa leo kartushi ni mali ya kuhesabiwa moja moja.