Kabla ya Kuuza Hewa: Udongo wa Kitale na Bungoma na Historia ya Shaka

Novemba 2010, Benki ya Dunia ilitia saini mkataba wa kununua bidhaa ambayo haikuwahi kufika soko la Chwele wala la Kitale: kaboni iliyohifadhiwa katika udongo wa mashamba madogo ya mahindi. Muuzaji alikuwa Vi Agroforestry, shirika la Uswidi, kwa niaba ya wakulima wapatao 60,000 wa magharibi mwa Kenya, wenye hekta 45,000 upande wa Bungoma na upande wa Kisumu. Ulikuwa miongoni mwa mikataba ya kwanza kabisa ya aina hiyo barani Afrika. Maswali yalianza mara moja. Hewa inauzwaje? Na pesa zake ni za nani?

Wako waliosikia maswali hayo wakadhani ni kutojua tu, kwamba semina mbili tatu zingeyamaliza. Mimi nayaona kuwa maswali ya watu wenye kumbukumbu ndefu.

Katika miaka ya 1930 na 1940 serikali ya kikoloni ilishikwa na hofu ya mmomonyoko wa udongo. Waafrika wakaamriwa kuchimba matuta, kung'oa magugu na kupunguza mifugo, na aliyekaidi alitozwa faini au alifungwa. Wakati huohuo ardhi nono ya Trans Nzoia ilikuwa mikononi mwa walowezi, na tangu 1926 reli ilifika Kitale kubeba mazao yao. Aliyekuhubiria kutunza udongo ndiye aliyekuwa amechukua udongo wenyewe. Elijah Masinde wa Kimilili, mwanzilishi wa Dini ya Msambwa, aliipinga serikali hiyo pamoja na amri zake za kilimo. Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi wake Malakisi, watu 11 wakauawa, na dini hiyo ikapigwa marufuku. Wajukuu wa watu wa Malakisi ndio wale walioombwa, miaka sitini na ushei baadaye, kuchimba matuta tena kwa faida ya hali ya hewa ya dunia.

Lakini asije mtu akasema watu wa huku ni wagumu wa kupokea mapya. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na mwaka 1964 watafiti wa mjini humo walitoa mbegu ya haibridi 611. Wakulima wadogo waliipokea kwa kasi iliyowashangaza wataalamu. Hakuna aliyehitaji kuwashawishi sana: jirani alipanda, wakaona gunia zake, msimu uliofuata nao wakanunua.

Vi nayo ilianza kwa kitu cha kuonekana. Mwaka 1983 jarida la Uswidi liitwalo Vi liliwaomba wasomaji wake wachangie upandaji wa miti, na kazi ikaanzia Pokot Magharibi, kaskazini mwa Kitale, kwenye ardhi iliyokuwa imechakaa kwa malisho. Kutoka huko ikaenea hadi mashambani mwa wakulima, kwa mgrevilea wa mpakani, kaliandra ya kulisha ng'ombe wa maziwa, na sesbania ya kurutubisha shamba. Mti ukifa unauona umekufa. Kaboni ya udongo haionekani kwa macho namna hiyo.

Ndiyo maana nataka kueleza jinsi inavyohesabiwa, kwa sababu hapo ndipo shaka nyingi zilipozaliwa. Hakuna anayepita kila shamba akichota udongo na kuupeleka maabara. Gharama yake ingemeza mapato yote. Mkulima hujaza fomu: ana miti mingapi, amevuna gunia ngapi, ana mifugo mingapi, ametumia mboji au samadi, mabua ameyafanya nini. Taarifa hizo huingizwa katika kielelezo cha kompyuta kiitwacho RothC, kilichotokana na majaribio ya kituo cha Rothamsted, Uingereza, nacho hukadiria kaboni iliyoongezeka. Utaratibu mzima ulikubaliwa kimataifa mwaka 2011.

Sasa tazama hayo mabua. Mradi ulitaka yabaki shambani yaoze na kurudi udongoni. Ng'ombe wa kiangazi anayataka. Mama mwenye jiko anataka magunzi, na kuni zikiadimika hata mabua yenyewe huingia jikoni. Mjadala wa sera ya nishati uko hapo hapo nyuma ya nyumba.

Kisha pesa. Benki ya Dunia yenyewe ilitangaza kwamba jamii zingepata zaidi ya dola 350,000. Ukizigawa kwa wakulima 60,000, hazifiki dola sita kwa kila mmoja. Vyeti vya kwanza vilipotolewa Januari 2014, vilikuwa vya tani 24,788 za hewa ukaa, sawa na moshi wa magari 5,164 kwa mwaka. Taasisi ya IATP ya Marekani na ActionAid walikuwa wamekwisha kuukosoa mpango huu tangu 2011, wakisema gharama za vipimo na ushauri zingewanufaisha wataalamu kuliko wakulima. Watetezi walijibu kwamba faida halisi ni mavuno bora, kaboni ni nyongeza tu. Nakubaliana nao juu ya mavuno: shamba lenye mboji na matandazo hustahimili ukame kuliko lisilo nayo. Lakini kama kaboni ni nyongeza, mkulima alistahili kuambiwa hivyo siku ya kwanza, kwa shilingi, kabla hajaanza kupiga hesabu ya karo ya watoto.

Hofu nyingine ilivuka mpaka. Upande wa Uganda wa Mlima Elgon, wakfu wa Uholanzi uitwao FACE ulianza mwaka 1994 kugharamia upandaji wa miti ya kaboni ndani ya hifadhi, mahali ambapo Wabenet na wakulima wengine walikuwa wakifukuzwa. Mwaka 2005 mahakama iliwatambua Wabenet kuwa wakazi wa asili wa sehemu ya eneo hilo. Mtu wa Bungoma anauona mlima uleule kutoka uani kwake. Akiletewa karatasi ya kaboni ya miaka 20, na hati ya shamba bado ina jina la babu aliyekwisha kufa, ana haki ya kuuliza kama anauza hewa au anauza shamba. Na mwanamke anayelima shamba lenye jina la mumewe ana swali la pili juu ya hilo.

Shaka hii haikanushi mabadiliko ya tabianchi. Anayesubiri mvua ya Machi ikachelewa hadi Aprili hahitaji kusomewa ripoti. Anachohoji ni kwa nini Kenya, inayotoa sehemu ndogo sana ya hewa chafu ya dunia, imtume yeye na jembe lake kufidia magari ya wengine kwa bei asiyoipanga.

Mwaka 2023 Bunge liliirekebisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi. Sasa mradi wa kaboni unaotumia ardhi ya jamii lazima uwe na makubaliano ya maendeleo, na jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, baada ya kutoa gharama za kuendesha biashara. Maneno hayo ya mwisho ndiyo ya kusimamiwa. Gharama ndizo zilizohofiwa kula pesa za wakulima mara ya kwanza, kwa hiyo zisomwe barazani, kwa Kiswahili na Kibukusu, zikiwa na bei ya tani na majina ya waliolipwa, na kikundi kipewe nakala kabla ya mtu yeyote kuweka kidole gumba.