Mayatima wa Uingereza waliokuwa na mama zao

Huku kwetu Mwambao, kijana akipita mtaani wazee humuuliza, "Wewe mwana wa nani?" Akishamtaja baba na babu, yamekwisha. Swali hilo limenijia kila niliposoma habari za watoto wa Uingereza waliopelekwa ng'ambo kutoka makao ya mayatima, kwani wengi wao hawakuwa na la kujibu hadi uzeeni.

Jambo lenyewe ni la zamani. Tangu 1869 watoto walipelekwa Kanada kufanya kazi mashambani na majumbani, na jumla yao huko ilipita 100,000. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia safari zilielekea zaidi Australia, na wachache Rhodesia ya Kusini, ndiyo Zimbabwe ya leo. Serikali zilitaka Wazungu wa kujaza nchi hizo. Makanisa na mashirika ya hisani, yakiwemo Barnardo's na Fairbridge, yakawatoa watoto.

Neno yatima hapa lisikudanganye, msomaji. Wengi walikuwa na mama aliye hai. Alikuwa maskini, au kazaa nje ya ndoa, akamweka mwanawe kituoni akitaraji kumrudia hali ikitengemaa. Aliporudi akaambiwa mtoto keshapata familia njema. Mtoto naye aliambiwa mamake kafa, na kwamba Australia kuna jua na machungwa ya kujichumia mtini. Mtoto wa miaka saba atakataaje?

Waliposhuka Fremantle, ndugu walitenganishwa pale pale bandarini, wavulana huku, wasichana kule. Kituoni Bindoon, kaskazini ya Perth, chini ya watawa wa Christian Brothers, wavulana walijenga majengo kwa mikono yao wenyewe. Vipigo vilikuwa jambo la kawaida, na uchunguzi wa baadaye ulithibitisha kuwa wengi walinajisiwa na hao hao waliokabidhiwa kuwalea. Wengine walifika utu uzima bila cheti cha kuzaliwa, hata pasipoti ikawa shida kuipata.

Siri ilianza kufumuka 1986. Margaret Humphreys, afisa wa ustawi wa jamii mjini Nottingham, alipokea barua ya mwanamke aliyeko Australia: alipandishwa meli akiwa na miaka minne, na sasa anataka kujua yeye ni nani. Mwaka uliofuata Humphreys akaanzisha Child Migrants Trust, akaanza kupekua daftari za vizazi, ndoa na vifo.

Waziri Mkuu wa Australia, Kevin Rudd, aliomba radhi Novemba 2009. Gordon Brown wa Uingereza akafuata Februari 2010. Mwaka 2019 Uingereza ikaanza kumlipa kila aliyesalia pauni 20,000. Mimi naona zilichelewa mno. Waliorudi kutafuta, baadhi walimkuta mama angali hai, ajuza asiyeamini macho yake. Wengine walioneshwa kaburi.