Lipu ya chokaa
Lipu ya chokaa ni mchanganyiko wa chokaa, mchanga na maji unaopakwa kwenye kuta za nyumba za mawe za mwambao wa Afrika Mashariki, hasa Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu. Chokaa yenyewe hutokana na mawe ya matumbawe yaliyochomwa, kisha yakazimwa kwa maji. Ufa mdogo mwenye nyumba huweza kuuziba mwenyewe: hubandua lipu iliyolegea, hufagia vumbi, hulowesha jiwe, ndipo hupaka tabaka jembamba kwa mwiko na kulifunika kwa gunia lenye maji lisikauke haraka likapasuka. Saruji, ambayo wengi huikimbilia, ni kosa kubwa hapa: huzuia unyevu kutoka, chumvi ikajikusanya na ukuta ukamomonyoka kwa ndani. Palipokwisha kupakwa saruji, ibanduliwe kwanza.