Gesi Inayojificha Ndani ya Plastiki (Sehemu ya 3)

Leo tupate historia kidogo.

Mpira wa dripu mnaouona wodini na bomba la maji la plastiki mara nyingi ni ndugu: vyote ni PVC. PVC huanza kama gesi iitwayo vinili kloridi. Kiwandani gesi hiyo hubanwa kwenye tangi kubwa lenye maji, ikashikana mpaka ikawa chembe nyeupe kama unga. Sasa shida ni kwamba sio gesi yote inageuka. Nyingine hubaki imejificha ndani ya chembe.

Zamani watu hawakujali sana. Wafanyakazi waliingia ndani ya matangi kukwangua ukoko wa plastiki huku wakivuta gesi ile. Marekani iliruhusu sehemu 500 za gesi katika sehemu milioni za hewa.

Januari 1974, kampuni ya B.F. Goodrich ikatangaza kwamba wafanyakazi watatu wa kiwanda chake cha Louisville, Kentucky, walifariki kwa angiosakoma ya ini. Hiyo ni saratani adimu mno, inaanzia kwenye mishipa ya damu ya ini. Wagonjwa watatu kiwanda kimoja, mama, hiyo sio bahati mbaya. Kumbe huko Italia, mtafiti Cesare Maltoni alishaiona kwa panya waliovutishwa gesi hiyohiyo.

Kufikia mwaka 1975 Marekani ilikuwa imeshusha kiwango kutoka 500 hadi 1. Viwanda vikalazimika kuisafisha plastiki yenyewe: chembe zikiwa bado na maji hupitishwa kwenye mnara, mvuke wa moto unapanda kutoka chini na kuitoa gesi. Gesi hukusanywa na kutumika tena, kisha chembe hukaushwa. Mwaka 1978 Ulaya ikaweka sheria: plastiki inayogusa chakula isizidi miligramu 1 ya gesi hiyo kwa kilo.

Kwa hiyo mtoto akiwekewa dripu, usiogope ule mpira. Usalama wake ulilipiwa na maisha ya watu.

Ila moto ni habari nyingine. Ukichoma PVC inatoa moshi mpya wenye asidi, unaounguza macho na kifua, na hakuna mnara wa kuusafisha jikoni kwako. Baridi ya Juni na Julai huku kwetu tunaijua, lakini jiko liwashwe kwa vijiti au mabunzi. Bomba, viatu na mifuko ya plastiki visiingie motoni, hasa mtoto mchanga akiwa ndani.