Beira: Bandari Haiishii Gatini

Bandari ya Beira, nchini Msumbiji, iko mlangoni mwa mto Pungwe. Reli yake ilifika Umtali, mji uitwao leo Mutare, mwaka 1898. Tangu hapo Beira imekuwa njia fupi ya kufikia bahari kwa Zimbabwe, nchi isiyo na pwani. Tumbaku na sukari huteremka. Mafuta na mbolea hupanda.

Wako wadhanio kwamba bandari ni magati, winchi na maghala tu. Adui hakudhani hivyo.

Machi 1976, Msumbiji ikiwa huru kwa miezi minane tu, serikali ya Rais Samora Machel iliufunga mpaka wake na Rhodesia ya walowezi ili kutekeleza vikwazo vya Umoja wa Mataifa. Beira ilipoteza shehena, na taifa hilo changa likaibeba hasara kwa ajili ya uhuru wa jirani yake. Zimbabwe ilipokaribia kujitawala mwaka 1980, nchi tisa zilikutana Lusaka zikaazimia kupunguza kuitegemea Afrika Kusini ya makaburu. Beira ilikuwa nguzo mojawapo ya azimio hilo.

Makaburu na vibaraka wao hawakukawia. Oktoba 1981 daraja la Pungwe lililipuliwa. Mwezi uliofuata maboya yaongozayo meli kuingia bandarini yaliharibiwa. Desemba 1982 makomando wa Afrika Kusini waliyateketeza matangi ya mafuta mjini Beira, na Zimbabwe ikaingia katika dhiki ya petroli. Gati lisilo na daraja, boya wala tangi ni ukuta tu ufukweni.

Ndiyo maana, kuanzia mwaka 1982, askari wa Zimbabwe waliungana na wenzao wa Msumbiji kuilinda njia hiyo ya kilomita zipatazo 300, yenye reli, barabara na bomba la mafuta. Kazi yao kuu haikuwa ya kuteka miji. Ilikuwa ya kukesha darajani na kuilinda reli ili treni ipite. Mashambulizi yaliendelea, lakini njia iliendelea kulindwa mpaka serikali ya Msumbiji na RENAMO walipotia saini mkataba wa amani mjini Roma, Oktoba 1992.

Funzo hilo laihusu kila nchi yenye bandari. Askari akeshaye darajani, mbali na harufu ya bahari, naye yuko bandarini. Akisinzia, meli haitapakua.